Maswali ya Wasomaji: Mbawakawa wa Shambani na wa Msituni

Barua nyingi za safari hii zimetoka mkoa wa Tanga, kuanzia Pangani ufukweni hadi milima ya Usambara, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mbawakawa tunaowaona shambani ndio hao hao wa msituni, na tuwafanye nini? Mbawakawa ni wadudu ambao mbawa zao za juu zimekuwa ngao ngumu, zikikutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka. Dundu, fukusi, chonga, dumuzi, hata kimulimuli, wote ni wa kundi hili. Mende hayumo. Mbawa zake hulaliana, na watoto wake hufanana na wazazi tangu wanapoanguliwa, ilhali mbawakawa hupitia kwanza hali ya buu, kisha bundo, yaani hali ya kutulia bila kula kabla ya kutoka na mbawa. Duniani, aina za mbawakawa zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 400,000.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza. Klabu yetu ya mazingira ilitega makopo kwenye shamba la mahindi na mihogo, kwenye iliki iliyopandwa chini ya miti, na kwenye msitu wa kijiji. Shambani tulipata mbawakawa wengi kuliko msituni. Wanafunzi wakasema basi shamba lina hali bora. Je, wako sahihi?

JIBU: Mwalimu, hesabu yao inaweza kuwa sahihi na hitimisho likawa na kasoro. Wingi wa vichwa na wingi wa aina ni mambo mawili tofauti. Tuchukue mfano. Shambani mmepata mbawakawa 60 wa aina 4: wa kwanza 48, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 2. Msituni mmepata 30 tu, lakini wa aina 12: 5, 4, 4, 3, 3, 2, 2, 2, 2, 1, 1, 1. Sasa waulize wanafunzi: ukifumba macho ukaokota wawili kutoka kwenye kila kopo, ni mara ngapi watakuwa wa aina moja? Kwa kila aina, zidisha idadi yake kwa idadi hiyo ukiipunguza moja, jumlisha zote, kisha gawanya kwa jumla kuu iliyofanyiwa vivyo hivyo. Shamba: 2,256 + 30 + 12 + 2 ni 2,300, gawanya kwa 60 × 59, yaani 3,540. Unapata 0.65. Msitu: 64 gawanya kwa 870, unapata 0.07. Kwa hiyo shambani, katika kila jozi 100, jozi 65 ni za ndugu wa aina moja. Msituni ni 7 tu. Hesabu hii wanafunzi wa kidato cha pili wanaimudu, na ndiyo inayoonyesha kilichomo ndani ya kopo.

Kuna sababu nyingine ya shamba kuonekana tajiri. Kopo halihesabu mbawakawa waliopo, linahesabu waliotembea wakatumbukia. Kwenye udongo ulio wazi mbawakawa hukimbia bila kizuizi. Msituni hupenya majani makavu taratibu na kwenda hatua chache tu. Idadi ile ile ya wadudu itajaza kopo la shambani haraka zaidi. Ndiyo maana hatushauri kulinganisha vichwa vya mazingira mawili yenye sakafu tofauti. Linganisheni aina, na zaidi ya yote, ni aina zipi zimo huku na hazimo kule. Shamba na msitu vinaweza kuwa na aina 15 kila kimoja, kumbe zinazofanana ni 3 tu.

Safari ijayo tegeni hivi. Chukueni makopo ya plastiki yenye mdomo wa sentimita 7 au 8, 10 kwa kila mazingira, yaachane mita 10 kwa mstari. Katika msitu, kopo la kwanza liwe angalau mita 50 kutoka ukingoni, la sivyo mtahesabu wapita njia wa kutoka shambani. Fukieni kila kopo mpaka mdomo ulingane na udongo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mdomo ukichomoza hata milimita chache, mbawakawa huuzunguka kama ukuta na kuendelea na safari. Bonyezeni udongo kwa vidole kuzunguka mdomo mpaka nafasi isibaki. Tieni maji hadi theluthi moja, chumvi kijiko kimoja cha mezani ili wasioze, na sabuni ya maji matone mawili tu. Sabuni huvunja utando wa juu wa maji ili mdudu azame. Ikizidi na kunukia, itawafukuza. Juu wekeni paa la bati au sahani ya plastiki lililoinuliwa kwa vijiti sentimita 4, mvua isijaze kopo. Toeni baada ya saa 48, makopo yote siku moja, mazingira yote wiki moja. Kulinganisha shamba la wakati wa masika na msitu wa kiangazi ni kulinganisha majira, si mazingira.

Kwa mbawakawa wa mavi mtego ni ule ule, ila juu yake mnaning'iniza mavi mabichi ya ng'ombe kiasi cha gramu 50 ndani ya kitambaa cha chachi, na makopo yaachane mita 50, kwa sababu harufu husafiri na mitego iliyo karibu hunyang'anyana.

Tunaomba sana mfunike kila kopo kwa wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 2. Misitu ya Usambara Mashariki ina vyura na vinyonga wadogo wasiopatikana kwingine duniani, na kopo la maji ya chumvi halichagui. Wavu utawanyima madundu wakubwa kabisa, lakini hiyo ni hasara ndogo. Pia utazuia kuku upande wa shambani. Siafu wakiingia, hamisheni mtego; hawaachi kitu cha kuhesabu. Na msitu ukiwa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani au hifadhi nyingine iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kibali huombwa kabla ya jembe kugusa ardhi. Msitu wa kijiji nao una kamati yake.

Majina ya kisayansi yasiwatishe. Pangeni kwa sura: urefu kwa milimita, rangi, mistari ya mgongoni, umbo la vipapasio. Mpeni kila mmoja namba na mhifadhi vielelezo viwili kwenye spiriti.

Kuhusu iliki: kwa kawaida hukaa katikati. Miti mikubwa ipo, kivuli kipo, lakini vichaka vya chini vimefyekwa na majani makavu yamepungua, hivyo sakafu hukauka mapema. Wanaoruka vizuri hubaki. Wanaoumia ni wale wasioruka kabisa. Katika Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale ambayo Usambara ni sehemu yake, wapo fukusi na mbawakawa wawindaji wengi waliopoteza mbawa za kurukia kwa kuishi muda mrefu mno kwenye misitu isiyokauka. Kwa mdudu wa milimita 5 anayetembea kwa miguu, shamba la mahindi la mita 300 ni jangwa. Ukanda wa Derema, uliotengwa uunganishe vipande vya misitu ya Usambara Mashariki, una maana kubwa kwa viumbe wa namna hii. Klabu yenu ikiweza, tegeni pia mstari mmoja kwenye ukanda wa miti ulio kati ya mashamba mawili. Hilo ndilo swali zuri zaidi linaloweza kujibiwa kwa makopo 10.

SWALI: Nina minazi Pangani. Kwenye lundo langu la samadi nimekuta mafunza weupe, wanene kama kidole gumba. Jirani kanihimiza nimwage dawa ya kuua wadudu lundo zima, ni watoto wa chonga. Nifanye hivyo?

JIBU: Usimwage bado. Inawezekana ni chonga, inawezekana si yeye, na jibu unaweza kulipata kwa dakika moja. Chukua mafunza watano, uwaweke juu ya ubao laini kivulini, uwaache. Funza akijipindua chali na kuanza kutambaa kwa mgongo, miguu ikipunga hewani, huyo ni mtoto wa dundu wa maua. Ndivyo wanavyotembea maisha yao yote ya ubuu; si kwamba ameanguka vibaya. Kazi yake ni kusaga samadi iwe mboji, na mizizi iliyo hai haimhusu. Mrudishe. Funza akibaki amejikunja ubavuni kama herufi C, au akijikokota kwa shida huku tumbo likiburuzika, na kichwa chake ni kipana, kigumu, cha rangi ya kahawia iliyokolea, mhesabu kuwa chonga.

Chonga aliyekomaa hutoboa mnazi usiku, kwenye kitako cha makuti machanga. Anatafuna nyuzi ili afyonze utomvu, na zile nyuzi zilizotafunwa hujitokeza kwenye tundu kama makumbi yaliyochambuliwa. Kuti likija kufunguka wiki kadhaa baadaye, utaona limekatwa kwa pembe, kama mtu aliyelipitia na mkasi. Mnazi mkubwa huvumilia. Mche wa miaka miwili au mitatu, kikichimbwa kiini, umekufa.

Dawa ya uhakika ni kumnyima pa kuzalia. Hutaga kwenye mbao za mnazi zilizooza na kwenye malundo ya samadi yaliyotulia. Pindua lundo lote kila baada ya miezi miwili, uokote mafunza waliojikunja uwape kuku. Mzunguko wake tangu yai hadi dundu ni wa miezi kadhaa, kwa hiyo hawahi kukomaa. Magogo ya minazi iliyoanguka yapasue yakauke au uyachome, na usisahau ile iliyokufa imesimama kwa ugonjwa wa kunyong'onyea. Mkulima hufagia chini akaacha shina refu limesimama mwaka mzima, na hilo ndilo ghala la chonga. Kwenye mche uliotobolewa tayari, ingiza waya wenye ndoana, urefu wa sentimita 40, mpaka uhisi kitu kigumu, umvute nje, kisha jaza tundu na vikwapa vya makuti ya ndani kwa mchanga uliochanganywa na majivu.

Sababu ya kukuzuia na dawa ni hii: sumu ndani ya lundo la mbolea inaua wasagaji wote pamoja na mbawakawa wawindaji wanaokula mayai ya chonga mwenyewe, na inafuata mbolea hadi kwenye bustani ya mchicha.

SWALI: Kama magogo yaliyooza huzalisha chonga, kwa nini tunaokaa karibu na msitu tunaambiwa tusiyatoe yote kwa kuni?

JIBU: Kwa sababu gogo la mnazi shambani na gogo la mti wa msituni hukaliwa na wapangaji tofauti. Vunja kipande cha gogo laini msituni na utakuta mbawakawa weusi wanaong'aa, wa familia nzima, wazazi pamoja na mabuu, wakitoa mlio mwembamba wa kukwaruza wanaposhikwa. Hao hawana haja na mnazi. Hula mti uliokufa na kuugeuza udongo, na hawaishi kwenye kijiti cha unene wa mkono: gogo huwa na faida kwao likizidi sentimita 20 kwa unene na likigusa ardhi. Basi siku zinazoruhusiwa okoteni matawi makavu yaliyoanguka, mkayaacha magogo manene yaliyokwisha kulainika. Kwa kuni hayafai hata hivyo. Yana moshi mwingi na moto haba.

SWALI: Nafuga ng'ombe Handeni. Zamani mavi malishoni yalimalizwa na wadudu baada ya siku mbili. Siku hizi hukaa mwezi, yakawa kama chapati, nyasi hazioti chini yake na nzi wamezidi. Wamekwenda wapi?

JIBU: Kwanza tazama kalenda. Wakati wa kiangazi mbawakawa wa mavi wengi hulala chini ya udongo wakisubiri mvua, mavi hufanya gamba, na kazi huachiwa mchwa. Hiyo ni kawaida. Hali unayoieleza ikiwapo hata wiki mbili baada ya mvua za vuli au masika kuanza, hapo kuna tatizo.

Pima hivi. Asubuhi weka lita moja ya mavi mabichi ya ng'ombe ambaye hajapewa dawa ya minyoo wala ya kupe kwa miezi miwili, na kando yake, hatua 20, lita moja ya mavi ya ng'ombe aliyepewa. Kesho yake asubuhi inua kila moja kwa koleo. Chini ya mavi yenye afya utaona matundu ya unene wa penseli yakizama kwenye udongo na vifusi vidogo pembeni: hao ni wachimbaji. Waviringishaji huchukua donge lao wakaondoka. Wapo pia wadogo wanaoishi humo humo ndani. Siku ya kumi fumua tena, utafute mabuu hai. Kwenye mavi yenye dawa mara nyingi wakubwa huja kama kawaida, wakataga, kisha mabuu yakafa. Ndiyo maana mfugaji haoni mzoga wowote, anaona tu kwamba kila msimu wamepungua.

Mshukiwa wa kwanza ni ivermektini, dawa ya minyoo na vimelea vya ngozi. Hutoka mwilini kupitia mavi kwa wiki kadhaa baada ya sindano. Mshukiwa wa pili ni dawa za kupe za kumwagia mgongoni za jamii ya pairethroidi, ambazo zinaweza kuua hata wakubwa. Hatusemi uache kutibu. Kupe anaua ng'ombe. Ongea na daktari wa mifugo kuhusu mambo matatu. La kwanza, kwa minyoo ya kawaida, albendazoli au levamisoli haziwadhuru mbawakawa kwa kiasi hicho. Ila albendazoli haifai kwa ng'ombe mwenye mimba changa. La pili, ivermektini ikibidi, itolewe katikati ya kiangazi wakati mbawakawa wamelala, na kwa wanyama wanaoihitaji tu, si kundi zima kwa mazoea. La tatu, waliotibiwa wakae zizini au eneo moja la malisho kwa wiki mbili za mwanzo.

Usitegemee msitu wa jirani ukuletee wengine. Mbawakawa wa mavi wa msituni hawapendi jua la malishoni, na wa malishoni hawaingii kwenye kivuli kizito. Akiba yako iko kwa wafugaji wenzako wasiotumia dawa kwa wingi. Thamani yao Australia waliitambua kwa gharama: ng'ombe waliopelekwa huko hawakuwa na mbawakawa wa kuzika mavi yao, nzi wakatawala, na kuanzia mwaka 1968 walianza kuachia mbawakawa wenye asili ya Afrika.

SWALI: Mvua zikianza, hapa Tanga mjini mtu anaamka na mchubuko wa kuungua shingoni. Wanasema ni nairobi flai. Naye ni mbawakawa?

JIBU: Ndiye. Ni mwembamba, kiasi cha milimita 8, mwenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa, na ngao fupi za bluu zisizofunika tumbo, ndiyo maana hudhaniwa sisimizi. Haumi wala hachomi. Sumu imo ndani ya mwili wake na hutoka anapopondwa. Akikutua, mpulize. Umekwisha kumponda? Osha kwa maji na sabuni mara moja, usijipikiche macho, kwa sababu malengelenge hutokea siku ya pili, nawe umekwisha kuisambaza. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi uende zahanati. Zima taa za nje usiku. Shambani usimfukuze: hula vidukari na mayai ya wadudu.

SWALI: Nina migomba upande wa Amani, imepakana na msitu. Mashina yanaanguka, nikipasua tunguu nakuta vijia vyeusi. Nimeshauriwa nifyeke na kuchoma ukingo wote wa msitu kwa sababu wadudu wanatokea huko. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu mkulima, na moto huo utakugharimu mara mbili. Huyo ni fukusi wa migomba. Anaishi kwenye migomba na jamaa zake tu, hivyo ukingoni hana chakula, labda kama kuna migomba-pori. Kwa kawaida hasafiri kwa kuruka. Hutembea usiku, na safari ndefu hupelekwa na mkulima mwenyewe ndani ya machipukizi. Wanaokaa kwenye ule ukingo na kwenye nyasi za guatemala za makinga maji yako ni mbawakawa wawindaji na sisimizi wanaoingia migombani usiku kula mayai na mabuu ya huyo huyo fukusi. Nyasi hizo zikate nusu kwa nusu, upande mmoja ukiota ndipo ukate wa pili, usiwafukuze kwa siku moja.

Kwa fukusi waliopo, tega. Kata shina la mgomba uliovunwa karibuni vipande vya sentimita 30, pasua kila kipande kwa urefu, ulaze upande uliopasuliwa juu ya udongo, ukigusa kitako cha mgomba, kipande kimoja kwa kila mashina 3 hadi 5. Siku ya tatu asubuhi, kabla ya jua kali, geuza na uokote. Kuwa makini, fukusi akiguswa hujifanya amekufa, akafanana na punje ya udongo. Kipande kikipita wiki moja hukauka, kibadilishe. Usikate tamaa mwezi wa kwanza: fukusi mmoja anaweza kuishi zaidi ya mwaka, ila hutaga mayai machache, kwa hiyo kuokota kwa miezi sita mfululizo huonekana.

Kwa upanzi mpya, menya machipukizi mpaka tunguu liwe jeupe, utupe lolote lenye vijia. Kisha lichovye kwenye maji ya nyuzijoto 52 hadi 55 kwa dakika 20. Kama huna kipimajoto, maji yanayochemka kabisa, sekunde 30, si zaidi, usije ukalipika. Panda siku hiyo hiyo, mbali na mashina ya zamani. Tunguu lililomenywa likilala shambani usiku mmoja, fukusi watakuwa wamelifikia kabla hujarudi na jembe.